Sababu za Alama Tatu

Ofisini walimwita Bi Dodoso, na jina likamganda hata mlinzi mpya wa getini akawa anamwandika hivyo kitabuni kila asubuhi, akidhani ndilo alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa hiyo hiyo moja: kuwapigia simu wakuu wa makampuni na kuwauliza wanayaonaje majimbo ya nchi yao kwa biashara.

Majimbo yalikuwa kumi na mawili, yakiitwa kwa namba. Kila mkuu alitakiwa kulipatia kila jimbo alama kuanzia moja hadi kumi kwa mambo sita: kodi, umeme, barabara, wafanyakazi, usumbufu wa maofisa, na kitu kilichoitwa hali ya maisha. Chini ya kila alama palikuwa na mstari mmoja ulioandikwa "Sababu". Chama cha wakuu hao kilichapisha matokeo kila mwaka kwenye kitabu chenye jalada linalong'aa. Magavana walikonda kwa ajili ya kitabu hicho. Benki zilikitegemea. Wenye viwanda waliamua kwa kitabu hicho wajenge wapi, na wapi wapite bila kugeuza shingo.

Jimbo la Nne lilikuwa la kwanza miaka yote. Jimbo la Tisa lilikuwa la mwisho. Bi Dodoso alizaliwa Jimbo la Tisa.

Alipoanza kazi aliiogopa simu. Alikuwa akinyoosha mgongo kabla ya kuinua mkono wa simu, kana kwamba mtu wa upande wa pili angemwona. Aliamini kwamba anazungumza na vichwa vikubwa, watu waliopima na kupembua, wenye mafaili mezani. Mwaka wa tatu imani hiyo ilikuwa imekwisha kabisa, na mahali pake pakaingia dharau. Haikuwa dharau ya kelele. Ilikuwa imetulia, imenawiri, na yeye akiitunza vizuri.

Maana aliwasikia kwa masikio yake. Mkuu wa kampuni ya saruji alimwambia, "Mwaka jana nilisemaje? Weka hivyo hivyo." Yule wa kiwanda cha biskuti alimkabidhi simu dereva wake amalizie, yeye anashuka garini. Mkuu wa kampuni ya bima alilipatia Jimbo la Pili alama tisa kwa barabara, na Bi Dodoso alipouliza sababu akajibiwa, "Mkwe wangu anatoka kule. Watu wastaarabu sana." Mmoja alikaa miaka minne akililaumu Jimbo la Sita kwa mafuriko yaliyotokea Jimbo la Saba. Bi Dodoso alipomsahihisha, kwa adabu zote, alisema, "Basi yote mawili yapunguze."

Yote hayo Bi Dodoso aliyaandika kama yalivyosemwa. Kisha yalikwenda kwa Katibu wa chama, kijana wa miaka arobaini mwenye miwani ya bei na mikono laini, naye aliyaosha. "Mkwe wangu anatoka kule" ilitoka ikiwa "mtaji imara wa kijamii". "Chai ilikuja imepoa" ikawa "changamoto katika sekta ya huduma". Kufikia kuchapishwa, hakuna ambaye angejua kwamba nyuma ya maneno yale kulikuwa na mtu mzima anayejikuna tumbo.

Nyumbani alimsimulia mumewe, Mwalimu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na sasa alikuwa akilisha kuku uani.

"Ukichukua upuuzi wa watu mia mbili ukatafuta wastani," Mwalimu alisema, "unapata upuuzi wenye desimali."

"Na jalada," mkewe akaongeza.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka astaafu, kama si kampuni ya chupa. Kampuni hiyo, kubwa kuliko zote za chupa nchini, ilitangaza kwamba inatafuta pa kujenga kiwanda kipya. Watu mia sita wangeajiriwa. Serikali ya Jimbo la Tisa iliomba, ikabembeleza, ikapiga magoti, angalau wakuu waje waone kwa macho yao kabla ya kujaza madodoso. Chama kikakubali. Wakuu watatu wangekwenda kwa siku mbili: Mkuu wa Chupa mwenyewe, Mkuu wa Bima, na mkuu wa kampuni ya rangi ambaye sauti yake ilifika chumbani kabla yake. Katibu alikuwa na safari nyingine, kwa hiyo aliamua Bi Dodoso ndiye awafuate akaandike alama papo hapo.

"Si ndiko kwenu, mama?" alisema. "Utawaonyesha na mandhari."

Usiku huo huo hakulala vizuri kwa furaha, ingawa asingekubali kuikiri. Asubuhi alimpigia simu mdogo wake. Huyu alikuwa fundi mkuu wa kituo cha kupozea umeme kule Jimbo la Tisa, mtu wa maneno machache, mwenye daftari. Tangu apewe kituo alikuwa akiandika kila umeme unapokatika: saa, dakika, chanzo, na nani alikwenda kurekebisha.

"Njoo nalo," dada yake akamwambia. "Tanuri la kuyeyusha kioo haliruhusiwi kuzimika. Kitu cha kwanza atakachouliza ni umeme."

"Dada, mwaka jana mzima umeme ulikatika kwa jumla ya saa kumi na moja tu. Na saba kati ya hizo tulitangaza mapema."

"Mwambie hivyo hivyo. Na piga pasi ovaroli."

Mambo yalianza kwenda mrama kwenye machimbo ya mchanga. Mchanga wa pale ulikuwa mweupe, mzuri kwa kioo, na mtaalamu wa jimbo alikuwa ameupanga kwenye sinia, daraja kwa daraja, na karatasi za maabara pembeni. Mkuu wa Chupa alichungulia kupitia dirisha la gari. Alikuwa amevaa viatu vya suede, ngozi laini isiyotaka vumbi.

"Mchanga ni mchanga," alisema, na dirisha likapanda.

Chuo cha ufundi hawakukifikia kabisa, kwa sababu chakula cha mchana kilichukua saa tatu. Wanafunzi wa mashine walikaa kwenye karakana wamevaa kofia za kujikinga mpaka saa kumi, kisha wakaambiwa warudi mabwenini. Wakati huo Mkuu wa Rangi alikuwa anasimulia, kwa mara ya pili, jinsi alivyowahi kupoteza begi kwenye uwanja wa ndege wa jimbo hili miaka kumi na miwili iliyopita.

"Lilipatikana?" Bi Dodoso aliuliza.

"Jioni ile ile. Lakini mtu unajifunza."

Walifika kituo cha umeme siku ya pili asubuhi, wamechelewa, injini ya gari ikiachwa inanguruma. Mdogo wake Bi Dodoso alikuwa amesimama kwenye ngazi ya chumba cha mitambo. Ovaroli yake ilikuwa na mikunjo ya pasi inayoweza kukata kidole. Daftari lilikuwa kwapani. Nyuma yake vijana wawili wa zamu walisimama wima kama wanaopigwa picha. Bi Dodoso alimtazama akaona kwamba amenyoa ndevu, mtu ambaye hakunyoa hata siku ya harusi ya binti yake.

"Karibuni sana wakuu," alianza. "Hapa ndipo—"

"Fundi," Mkuu wa Rangi alimkatiza, "choo kiko wapi?"

Alimwonyesha. Mkuu wa Bima alikuwa anapiga picha zake mwenyewe, transfoma ikionekana nyuma. Mkuu wa Chupa aliitazama saa yake. Fundi alilitoa daftari kwapani, akalifungua ukurasa aliouwekea kipande cha karatasi, akangoja swali. Aliendelea kungoja. Mkuu wa Chupa alimwuliza mtu wa itifaki kama hotelini kuna mahali pa kukandwa mgongo, halafu akageuka, akaliona lile daftari lililofunguliwa mbele ya kifua chake, akadhani ni kitabu cha wageni. Akatoa kalamu ya dhahabu, akatia saini juu ya mwezi wa Machi.

"Kazi nzuri," alisema. "Endeleeni."

Dakika saba. Bi Dodoso alizipima. Gari lilipoondoka alimwona mdogo wake bado amesimama pale ngazini, analitazama daftari kama mtu aliyetemewa mate asijue aanze kufuta wapi.

Kabla ya kuondoka hotelini, Mkuu wa Chupa alikumbuka amesahau chaja chumbani, akamtuma Bi Dodoso, kwa kuwa ndiye mwanamke aliyekuwepo. Chaja aliikuta kwenye tundu la ukutani karibu na kitanda. Chini, sakafuni, waya wa taa ya kitandani ulikuwa umelala na plagi yake. Mtu alikuwa ameuchomoa ili achaji simu. Bi Dodoso aliichomoa chaja, akarudisha plagi ya taa mahali pake, akabonyeza. Taa ikawaka vizuri sana. Akaizima, akashuka.

Garini, wakielekea uwanja wa ndege, alitoa dodoso.

"Jimbo la Tisa, wakuu. Tuanze na umeme."

"Tatu," alisema Mkuu wa Chupa.

Kalamu ya Bi Dodoso ilisimama. "Umeme, mkuu? Tatu?"

"Tatu. Mama, nimelala gizani. Taa ya kitandani haikuwaka usiku kucha. Sasa kama taa moja inawashinda, mimi niwape tanuri?"

"Lakini taa ya dari, mkuu—"

"Ile iliwaka. Ndiyo maana nimetoa tatu."

Wenzake walicheka. Mkuu wa Bima naye alitoa tatu, asionekane mtu wa ajabu. Mkuu wa Rangi alitoa mbili akataja begi. Kwa hali ya maisha walikubaliana wote watatu kwamba pamelala mno, na Mkuu wa Chupa ndiye aliyelisema hilo, ambaye alikuwa amekoroma njia nzima ya kuja.

Bi Dodoso aliandika. Alitazama nje, kwenye maduka aliyoyajua moja moja tangu utotoni. Alifikiria watu mia sita wenye kazi, na taa moja.

Wiki iliyofuata Katibu alimrudishia kurasa zilizooshwa. Pale kwenye umeme wa Jimbo la Tisa palisomeka: "Upatikanaji wa nishati usiotabirika."

"Katibu," alisema, "ile taa alichomoa plagi mwenyewe. Nimeiona."

"Mama, sisi hatupimi umeme. Tunapima mtazamo."

"Mtazamo wa plagi?"

Katibu alicheka, kile kicheko cha mtu anayetaka mazungumzo yaishe. "Mkuu wa kampuni kubwa akisema tatu, hiyo tatu ina uzito wake. Wewe peleka kwa mpiga chapa."

Hilo ndilo lilikuwa kosa la Katibu. Miaka yote kumi na tisa Bi Dodoso ndiye aliyezipeleka kurasa kwa mpiga chapa, na hakuna mtu aliyezisoma tena baada ya hapo.

Alikwenda na bahasha mbili, ya kwanza ikiwa ile ya Katibu. Mpiga chapa alikuwa mzee mwenye kucha nyeusi za wino, aliyemjua tangu walipokuwa wote na meno kamili. Bi Dodoso alimpa bahasha ya pili, yenye sababu kama zilivyosemwa, kutoka kwenye madodoso yake mwenyewe. Majina hayakuwemo. Maneno yalikuwemo yote: mkwe, chai, begi, mafuriko ya jimbo la jirani. Na kwenye ukurasa wa thelathini na moja aliandika: "Umeme, alama tatu. Sababu: taa ya kitandani haikuwaka. Mhojiwa alikuwa amechomoa plagi yake ili achaji simu. Kwa kumbukumbu za fundi mkuu wa kituo, umeme ulikatika kwa jumla ya saa kumi na moja mwaka mzima. Mhojiwa hakuuliza."

Mzee alisoma, mabega yakaanza kutikisika. "Dada yangu, hii niichape kweli?"

"Ichape."

"Na kazi yako?"

"Ichape kabla sijaogopa."

Aliogopa baadaye, na aliogopa sana. Siku ya uzinduzi alivaa gauni lake la heshima, akasimama karibu na mlango wa ukumbi, mkoba umefungwa tayari. Vitabu mia mbili vilikuwa mezani, kimoja kwa kila sahani. Alikuwa amejipangia maneno ya kusema watakapomgeukia.

Wakuu waliingia, wakakaa, wakavifungua. Wote walifungua mahali pamoja, ukurasa wa tatu, penye orodha. La kwanza: Jimbo la Nne. Wakapiga makofi. La mwisho: Jimbo la Tisa. Wakatikisa vichwa kwa huruma ile ya kushiba. Kisha vitabu vikafungwa. Mkuu wa Rangi alikitumia cha kwake kujipepea. Mkuu wa Bima aliweka juu yake kikombe cha kahawa. Mkuu wa Chupa alisimama akatangaza kwamba, kwa kuongozwa na utafiti huu makini, kiwanda kinakwenda Jimbo la Nne. Makofi tena. Walipoondoka, wahudumu waliviokota vitabu kwa mafungu pamoja na leso zilizotumika.

Bi Dodoso alisubiri siku ile, akasubiri wiki, kisha ya pili. Simu ya kumfukuza haikuja. Kila kengele ilipolia, ilikuwa mtu anaulizia mkutano. Taratibu aling'amua kinachoendelea, yaani hakuna kinachoendelea. Aliona aibu kwa ile hofu yake. Ameishi miaka kumi na tisa akinyenyekea mbele ya watu ambao hawakuwa wakisoma hata matusi yao wenyewe.

"Hawajasoma," alimwambia Mwalimu. "Hata mmoja."

Mwalimu aliweka chini bakuli la pumba. Hakutania safari hii. "Umeumia?"

"Bora wangenifukuza," alisema. "Ningejua nimezungumza na watu."

Katika mwezi wa pili baada ya uzinduzi simu ikalia, na sauti ya mwanamke, nzito kidogo, ikasema, "Wewe ndiye uliyeandika ukurasa wa thelathini na moja?"

Bi Dodoso alikaa wima. "Ndiyo mimi."

"Nimeusoma mara tatu. Mara mbili nilicheka. Mara ya tatu nikaacha kucheka. Huyo fundi mwenye kumbukumbu, nampataje?"

Alikuwa mwenye karakana ndogo ya chupa za dawa, tanuri moja, watu ishirini na wanne. Kitabu alikiokota kwenye chumba cha kusubiri cha daktari wa meno, na namba ya ofisi ilikuwa nyuma ya jalada. Hakuwa amewahi kupigiwa simu na Bi Dodoso, kwa sababu chama kilihesabu makampuni makubwa tu. Aliuliza maswali nusu saa nzima: umeme ukikatika hurudi baada ya muda gani, nyaya zinapita wapi, huyo fundi ana zamu ngapi na akiumwa nani anashika. Yalikuwa maswali ya kwanza ya maana ambayo Bi Dodoso aliyasikia kwenye simu ile. Alijibu aliyoyajua, mengine akampa namba ya mdogo wake. Wiki tatu baadaye mdogo wake alimpigia.

"Dada, yule mama alikuja. Amekaa na daftari kuanzia asubuhi mpaka tunafunga. Amenikuta na makosa mawili ya kujumlisha."

"Akasemaje?"

"Akasema mtu anayeandika makosa yake kwa wino anamfaa." Akaongeza, "Ameuliza nani kasaini mwezi wa Machi. Nikamwambia mpita njia."

Katibu alikuja kujua mwishoni, tena kwa bahati, pale ofisa mmoja wa Jimbo la Tisa alipoandika barua ya kulalamikia ile taa. Alimwita Bi Dodoso ofisini. Kitabu kilikuwa mbele yake kimefunguliwa, na jasho lilikuwa limemtia ukungu kwenye ile miwani ya bei.

"Umefanya nini, mama?"

"Nimeandika walichosema."

"Nani mwingine ameona?"

"Kati ya wakuu? Hakuna."

Katibu alifikiri. Bi Dodoso alimwona akifikiri, ikawa kama kutazama mtu akitafuta funguo mfukoni. Akimfukuza itabidi aseme kwa nini. Akisema kwa nini, wakuu watauliza yeye kama Katibu alikuwa wapi kitabu kikichapwa, kikizinduliwa, kikipigiwa makofi miezi mitatu.

"Basi," alisema hatimaye, akikifunga. "Tusiliongee."

"Mimi sina la kuongea," Bi Dodoso akasema, akaondoka bila kuagwa.

Kiwanda kikubwa kilifunguliwa Jimbo la Nne kwa utepe na ngoma za askari. Miezi minane baadaye umeme wa kule ulikatika siku mbili mfululizo, na kioo kilichokuwa kimeyeyuka kikagandia ndani ya tanuri, tani kwa tani, kikawa jiwe moja la kijani, kubwa kama nyumba. Mafundi walilivunja kwa nyundo majuma kadhaa. Watu mia sita walipewa likizo ambayo hawakuiomba. Bi Dodoso aliwahurumia hao. Kwa mwenye kiwanda, alitafuta huruma moyoni akakuta kabati tupu.

Msimu wa madodoso ulipofika alimpigia kama kawaida.

"Jimbo la Nne, mkuu. Umeme."

"Tisa."

"Tisa, mkuu? Baada ya tanuri?"

"Ile ilikuwa bahati mbaya, mama. Gavana alinipigia mwenyewe kunipa pole. Wenzetu wale wanajua kuishi na watu."

"Na Jimbo la Tisa?"

"Tatu. Hawajabadilika wale."

Aliandika tisa, akaandika tatu, akaandika sababu. Akamaliza simu zote mia mbili, maana hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Mwaka ule ule akaomba kustaafu, miaka minne kabla ya wakati. Katibu alimwandalia tafrija ya keki na soda. Alitoa hotuba ndefu kuhusu uadilifu wa takwimu, akamkabidhi saa ya ukutani yenye nembo ya chama. Wakuu watatu walituma salamu, zote tatu zimeandikwa na makarani wao, mbili zikiwa na maneno yale yale.

Yule mwenye chupa za dawa alikuwa amekwisha kuhamia Jimbo la Tisa, na watu wake walikuwa wamefika hamsini. Bi Dodoso na Mwalimu walikwenda kumtembelea mdogo wake, wakapelekwa karakanani. Tanuri lilikuwa linanguruma, na chupa ndogo za kahawia zilipita kwenye mkanda zikigongana kwa sauti nyembamba. Mwenyewe alitoka na mafuta mikononi, akawasalimia kwa kiwiko, kisha bila kupoteza muda akaanza kulalamika: barabara ya kuingilia ina mashimo, ofisa wa vibali ni mzembe, maji ya bombani yana chokaa. Alitaja siku, akataja majina, akataja shimo la ngapi kutoka getini.

Bi Dodoso alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mkoba, akatoa kalamu, akamwomba aanze tena kuanzia barabara, polepole, ili aandike. Jumatatu angekwenda kumtafuta huyo ofisa wa vibali.